Kanisa Lililoitwa Gereza

Neno "jela" tumelipata kwa Waingereza. Neno "gereza" ni la zamani zaidi katika pwani yetu, na wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba limetoka kwa Wareno, katika neno lao "igreja". Maana ya igreja ni kanisa. Tulitafakari jambo hili bila haraka: neno ambalo wageni wale walilitumia kwa nyumba ya kusalia, watu wa pwani walilisikia, wakalipokea, wakalitamka kwa ndimi zao, na mwishowe likawa jina la nyumba ya kufungia watu.

Kwa sisi tunaosali Bububu habari hii haiko mbali. Ukipanda gari ya 502 hadi mjini, ukatembea kuelekea Forodhani, utakutana na kuta ndefu za rangi ya udongo na minara yake ya duara, karibu na Beit al-Ajaib. Leo tunaiita Ngome Kongwe. Wazee waliiita Gereza. Hata reli ya zamani iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ile iliyokwenda karibu maili 7 kutoka mjini hadi kwetu, ilihusiana na ngome hiyo, kwani ilitumika kama karakana wakati wa kuijenga. (Wapo wanaosema jina la Bububu lilitokana na mlio wa gari moshi lile, na wapo wanaosema ni sauti ya maji ya chemchemi. Hatutaingia katika ugomvi huo.)

Kabla ya kuwa ngome, mahali pale palikuwa kanisa. Lilijengwa kati ya mwaka 1598 na 1612. Miaka hiyo Ureno haikuwa na mfalme wake peke yake. Tangu 1580 hadi 1640 mfalme wa Hispania ndiye aliyetawala nchi zote mbili, kwa hiyo lile lilikuwa kanisa la Katoliki chini ya mfalme wa Hispania, kama yale yaliyokuwa yakijengwa wakati huo huo Meksiko na Ufilipino. Waliohudumu pwani yetu walikuwa watawa wa shirika la Mtakatifu Agostino, waliofungua nyumba yao Mombasa mwaka 1597, wakati Ngome ya Yesu ilikuwa na miaka minne tu tangu kuanza kujengwa.

Utaratibu wa misheni zile ulikuwa huu: Papa alimpa mfalme haki na wajibu wa kutunza kanisa katika nchi alizozifikia. Mfalme alituma mapadri kwa merikebu zake, akawalipa, akajenga makanisa, na hakuna askofu aliyewekwa bila yeye kuridhia. Kwa padri mmoja mmoja huenda hilo halikuonekana kuwa baya. Alipata safari, chakula, paa na ulinzi. Lakini aliyesimama ufukweni Unguja akiitazama merikebu ikitia nanga aliona kitu kimoja, si viwili. Merikebu iliyomshusha padri ndiyo iliyobeba mzinga. Na Unguja ilikuwa imekwisha kuujua mzinga huo: karibu miaka mia moja kabla ya kanisa kujengwa, nahodha Ruy Lourenço Ravasco alikuja hapa kwa nguvu, akamlazimisha mtawala wa kisiwa kulipa kodi kila mwaka. Kwa hiyo kodi ilitangulia, na Injili ikafuata nyuma yake kwa njia ile ile ya baharini.

Mwezi Desemba 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, na utawala wa Wareno katika sehemu hii ya pwani ukavunjika. Hapa Unguja Waomani walijenga ngome yao mahali pale pale pa kanisa, na sehemu ya kuta za kanisa ikaingia katika ukuta wa ngome. Karne ya 19 ngome ile ilikuwa gereza kwa maana tunayoijua sisi, mahali pa kufungia na kuadhibu watu. Baadaye ikawa karakana ya reli, ikawa kiwanja cha tenisi cha wanawake wakati wa Waingereza, na leo watu huingia kusikiliza muziki na kutazama filamu.

Ni rahisi kusema kwamba Waomani waligeuza kanisa kuwa ngome. Lakini neno lenyewe linatueleza jambo jingine. Watu wa pwani waliuita ukuta wenye askari kwa jina la kanisa kwa sababu ndivyo walivyoviona viwili hivyo, vikiwa pamoja. Waliisikia igreja ikitajwa na watu wenye bunduki. Kuta zilikuwa zimekwisha kuhubiri muda mrefu kabla hazijabadilisha mwenyewe. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye swali la imani katika habari hii: jengo la kanisa linawaambia nini wale ambao hawataingia ndani yake kamwe?

Tusiseme kwamba watu wale hawakuwa na imani. Mombasa inatuzuia. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa kwa hila ya Wareno. Huko alilelewa na watawa wa Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Mwezi Agosti 1631 aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno na kurudi katika dini ya baba zake. Wakristo wa mji walitakiwa kumkana Kristo. Zaidi ya 200 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo Waafrika wa pwani hii, wanaume kwa wanawake. Hao hawakuwa na mfalme Ulaya wa kumtegemea. Tunapowataja mashahidi wa imani wa Afrika Mashariki aghalabu tunaanza na Uganda mwaka 1886, na kuwaruka hawa wa Mombasa waliotangulia kwa zaidi ya miaka 250.

Hata hivyo, Wareno walipoondoka hakubaki usharika. Johann Ludwig Krapf alipofika Unguja Januari 1844 hakukuta Wakristo wenyeji waliokuwa wakisali kwa siri nyumba kwa nyumba, kama walivyobaki wale wa Japani. Mawe yalibaki ndani ya ngome. Neno lilibaki katika lugha. Na tuseme pia kwa haki kwamba maneno mengine ya Wareno yalibaki bila kuharibika. Neno "meza" ni lao, na hakuna aliyelipeleka jela. Tulilichukua nyumbani, tukalia chakula juu yake, na leo tunasema Meza ya Bwana bila kukumbuka limetoka wapi. Watu wa pwani hawakulikataa neno kwa kuwa ni la mgeni. Walilipa kila neno maana kwa kadiri walivyokiona kitu chenyewe. Meza waliiona ikitumika kulia chakula. Kanisa waliliona likilindwa. Neno tunalolitumia sasa, "kanisa", limetoka katika Kiarabu, lugha ya jirani zetu Waislamu. Wao ndio waliotukopesha jina la nyumba yetu ya ibada, baada ya lile la kwanza kupotea.

Msomaji Mlutheri asijitenge na mambo haya kwa kusema kwamba ni ya Wakatoliki. Martin Luther mwenyewe aliingia katika shirika la Mtakatifu Agostino huko Erfurt mwaka 1505. Alivaa vazi la familia ile ile ya watawa waliofika Mombasa na Unguja baadaye. Na jengo la kwanza kujengwa makusudi kwa ibada ya Kiinjili, ambalo Luther aliliweka wakfu kwa mahubiri tarehe 5 Oktoba 1544, lilijengwa ndani ya ngome ya mtawala wa Saksonia katika mji wa Torgau. Siku ile alifundisha kwamba pasifanyike kitu kingine ndani ya nyumba hiyo ila Bwana kusema nasi kwa Neno lake, nasi kumjibu kwa maombi na sifa. Ni mafundisho mema, na tunayafundisha hadi leo. Lakini hayakufuta ukweli kwamba mlango wa kanisa lile ulikuwa ndani ya mlango wa mtawala. Kabla miaka mitatu haijatimia mtawala huyo alishindwa vitani na kuwa mfungwa. Kwetu pia, kanisa la Azania Front, Dar es Salaam, lilijengwa kati ya 1898 na 1902, wakati bendera ya Ujerumani ikipepea mji ule. Tunalipenda kanisa lile, na hatuoni sababu ya kuliona aibu, ila mtu asijidanganye kwamba wenyeji wa wakati ule walishindwa kuona lilikuja na nani.

Krapf, aliyekuwa Mlutheri wa Württemberg ingawa alitumwa na chama cha misheni cha Waingereza, alifika kwa namna nyingine. Hakuwa na askari. Aliomba ruhusa kwa Sayyid Said, sultani Mwislamu, naye akamwandikia barua kwa maliwali wake wa pwani akiwaagiza wampokee vizuri, akimweleza kuwa ni mtu mwema anayetaka kuwaleta watu kwa Mungu. Kwa barua hiyo alikwenda Mombasa. Mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, pamoja na mwenzake Johannes Rebmann, alianzisha kituo cha Rabai, na Rabai haijapata kuitwa gereza na mtu yeyote. Wakristo wako pale hadi leo.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hatukuanza kuandika haya kwa kupenda historia tu. Usharika wetu una kiwanja na msingi na kuta za kanisa zilizofika usawa wa linta. Fedha zilizopo zinatosha kazi moja. Wako wanaotaka paa. Wako wanaotaka kwanza ukuta wa uzio wa futi 9, wenye vipande vya chupa juu na lango la chuma, na paa lisubiri. Mjadala huu umekuwa mkali, na wanaotaka ukuta si watu wa imani haba. Mwezi Mei 2012 makanisa yalichomwa moto hapa kisiwani wakati wa ghasia. Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Jumapili asubuhi, akiwa njiani kwenda kuongoza misa. Mzee wa kanisa anayesema "mchungaji, watoto wa Jumapili wakaa wapi siku hiyo ikija?" anauliza swali la kichungaji, na atakayemjibu kwa mstari mmoja wa Biblia kisha akaketi hajamjibu.

Tena Biblia yenyewe haiko upande mmoja. Anayetaka ukuta ana Nehemia, na Nehemia hakuona haya: nusu ya watu wake walishika mikuki na nusu wakajenga. Asiyetaka ana Zekaria sura ya 2, ambapo kijana mwenye kamba ya kupimia anazuiwa asiupime Yerusalemu, kwa kuwa mji utakaliwa kama vijiji visivyo na kuta, na Bwana mwenyewe atakuwa ukuta wa moto kuuzunguka. Watu hawa wawili hatuwezi kuwapigia kura.

Lakini tumsome Nehemia wote. Sura ya 4 ni ukuta. Sura ya 6 ni ukuta. Katikati yake imewekwa sura ya 5, ambapo maskini wanalia kwamba wamekopeshwa kwa riba na ndugu zao hata wameweka rehani mashamba na watoto wao, na Nehemia anakasirika na kuwarudishia. Mwenye kuandika kitabu kile angeweza kuiweka habari hiyo mahali pengine. Aliiweka pale, mawe yakiwa bado mikononi mwa watu, na nadhani hakukosea. Ukuta unaowalinda watu ambao ndani yake wanakulana hauna wa kumlinda. Kwetu sisi swali hilo lina majina: katika usharika huu kuna vijana wa hotelini waliokaa miezi bila kazi msimu wa watalii ukiisha, na kuna waliowakopesha.

Maoni yetu, ambayo tumeyasema mbele ya wazee na tunayasema tena hapa, ni kwamba uzio si dhambi. Kila nyumba ya Bububu ina uzio wa aina fulani. Msikiti una ukuta, shule ina ukuta. Mwizi wa mabati hana dini. Tunachokihofia ni ukuta unaojengwa kwa ajili ya kutangaza kwamba tumewekwa mbali na watu wa mtaa huu, kwamba sisi ni watu wa bara tuliofika kwa kazi ya serikali au hotelini na ambao siku moja tutaondoka. Wengi wetu tulizaliwa bara, hilo ni kweli. Lakini watoto wetu wanazungumza Kiunguja, wanacheza mpira na watoto wa jirani, na wanajua mwezi wa Ramadhani kuliko sisi. Ukuta wa futi 9 unawaambia watoto hao kwamba rafiki zao ni hatari. Wareno walikuwa na kisingizio: walikuwa wapita njia kweli. Sisi si wapita njia.

Kuna mfano mwingine wa mjini ambao watu wetu huupenda zaidi, nao ni kanisa la Waanglikana la Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi likawekwa pale pale. Askofu Edward Steere alilisimamia kwa mawe ya matumbawe na saruji, pamoja na paa la kupinda ambalo wengi walisema litaanguka, na halijaanguka. Nguzo kadhaa karibu na mlango zimesimama kichwa chini miguu juu, kwa kuwa mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa hayupo, naye aliporudi hakuzibomoa. Tunazipenda nguzo hizo kuliko madhabahu. Zinasema kwamba jengo lilijengwa na watu wa hapa, kwa mikono yao na kwa namna walivyoelewa. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi ambaye hakuwa Mkristo. Hatudai kwamba Mkunazini ni safi bila doa. Mkataba wa kufunga soko ulitiwa sahihi chini ya tishio la manowari za Waingereza, na Sultan Barghash hakupenda. Lakini anayepita pale haoni mzinga. Anaona mahali pa maumivu palipogeuzwa kuwa mahali pa Meza ya Bwana, na hata mwongozaji wa watalii, ambaye ni Mwislamu, anausimulia msalaba ule kama habari ya mji wake.

Kwa hiyo tulipendekeza mambo machache, na baadhi yamekubaliwa. Paa litangulie. Uzio uje baadaye, wa urefu wa kifua, ili anayepita aone watu wakisali na watu wakisali waone anayepita. Mlinzi wa usiku aajiriwe kutoka mtaani, na fedha zake ziwemo katika bajeti kama zilivyo fedha za mishumaa. Sheha na imamu wa msikiti wa jirani walikaribishwa kuuona mchoro kabla ya mafundi kurudi kazini, nao walikuja, wakanywa chai, wakauliza maswali kuhusu maegesho ya magari na kelele za vipaza sauti, ambayo ndiyo mambo yanayowasumbua majirani wa kanisa popote duniani. Hakuna aliyeuliza habari ya 1631.

Limebaki jambo la maji. Bububu ndiyo iliyonywesha mji. Sayyid Barghash alivuta maji ya chemchemi zetu kwa mabomba hadi mjini. Hata hivyo mtaa tunaokaa sisi maji hukatika, na kiwanja cha kanisa kina kisima kizuri. Mchoro wa sasa umeweka bomba nyuma, ndani ya uzio, karibu na jiko. Akina mama wa usharika wameomba lihamishiwe mbele, upande wa barabara, nje ya lango, na wamesema watachangia gharama ya kulihamisha. Kamati ya ujenzi bado haijatoa jibu.